Misumari Iliyopakwa Grisi

Upepo ulipoling'oa paa la mama mdogo wangu, hakulia. Alivuka hadi ua wa jirani, bati lilikoangukia, akaliinamia kama anayekagua nguo yenye kasoro. Bati lilikuwa zima. Misumari ilikuwa bado imening'inia humo, imenyooka, inang'aa.

"Tazama," aliniambia. "Haikukatika wala haikupinda. Imetoka kama jino la maziwa."

Kisha akamtaja shemeji yake kwa jina ambalo sitaliandika hapa.

Mama mdogo hushona sare za shule. Chumba chake cha kazi kiko juu ya mwinuko, mahali ambapo upepo hauna jirani wa kumwogopa. Siku ile mvua iliingia, vitambaa vikachuja rangi, na cherehani moja ikagoma kabisa. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na msimu wa upepo ndio kwanza ulikuwa umeanza. Paa lingeondoka tena, wateja wangelifuata. Mzazi ambaye mtoto wake amekosa sare siku ya kwanza harudi, hata umwimbie.

Huyo shemeji ni mdogo wa marehemu mumewe. Ni fundi wa kuezeka, na paa lile lililong'oka alilipigilia yeye. Mtaani wanamwita Haraka, naye jina hilo analivaa kama nishani. Ungeuliza kwa nini asitafutwe fundi mwingine. Kiwanja ni cha ukoo wa mume, na mama mkwe alikwisha kusema: "Nyumba ya mwanangu haipigiliwi na mtu baki." Mama mdogo alimeza hilo. Kilichobaki mikononi mwake ni kuchagua misumari, akaapa hapo hataachia.

Nilimsindikiza dukani nikidhani nitamsaidia kubishana. Sikupata hata upenyo. Muuzaji alimwaga kauntani misumari myembamba, laini.

"Chukua hii, mama. Mafundi wote wanaipenda. Inaingia kama kisu kwenye siagi."

"Na kutoka je?"

"Kutoka tena? Msumari unapigwa ukae."

"Mwambie upepo."

Alichomoa kipande cha mbao kwenye mkoba. Alikikata kwenye masalia ya paa lake mwenyewe. Akamtaka muuzaji apigilie humo msumari laini, na kando yake mwingine wa msokoto, ule wenye mwili uliosokotwa kama kamba. Akaomba nyundo ya kucha. Ule laini ulitoka kwa mvuto mmoja. Wa msokoto ulimfanya muuzaji akanyage mbao, atoe meno, na mwisho aache.

"Nataka huu," mama mdogo alisema. "Wenye kofia pana na mpira wake chini, upepo usipenye wala maji yasipite. Na uwe mrefu, ncha itokeze chini ya mbao tuikunje. Mifupi wapelekee wanaoezeka mabanda ya kuku."

"Mama, wewe ni fundi?"

"Mimi ni mpigwa na upepo. Sasa tuzungumze bei, maana hiyo uliyotaja ni ya wageni."

Bei ilishuka. Mimi huishi kwa kununua na kuuza, na nasema hivi: mtu anayejua anachokitaka hupunguziwa haraka kuliko mtu anayelia shida.

Haraka alipanda juu asubuhi akipiga mluzi. Mama mdogo alikaa chini na cherehani iliyopona, akishona. Ghafla akasimamisha mguu.

"Unasikia?" aliniuliza.

"Nyundo."

"Mapigo mawili, msumari umekwisha. Msumari ule, kwenye mbao kavu ile? Mapigo mawili?"

Akapanda ngazi na kanga yake kiunoni. Nilimfuata hadi usawa wa ukingo nikaona alichokiona: karibu na goti la Haraka palikuwa na kopo la grisi, na kila msumari ulichovywa humo kabla ya kupigwa.

"Shemeji, hicho ni nini?"

"Ufundi, shemeji yangu mzuri. Mbao yako imekauka kama roho yako, inanipindia misumari. Ukiipaka inateleza."

Mama mdogo alichukua nyundo ya Haraka, akatia kucha chini ya kofia ya msumari, akavuta kwa mkono mmoja. Ukatoka wote, ukimetameta, bila hata kulalamika.

"Nimezunguka mji mzima kutafuta msumari unaong'ang'ania," alisema, sauti imeshuka, na hapo ndipo nilipoogopa, "nawe unauvalisha mafuta ili uteleze! Ungetoboa kwanza kwa keekee!"

"Keekee inachelewesha."

"Ng'oa yote."

"Yote? Shemeji, nusu ya paa imekwisha!"

Tulishuka, mimi nikitangulia. Alipogusa ardhi tu, aliiondoa ngazi akailaza chini ya ukuta.

"Utashuka ukimaliza."

Haraka alimwita mama yake kwa sauti iliyofika barabarani. Mama mkwe alikuja akihema, akatazama juu, akatazama ngazi.

"Umemfunga mwanangu juu ya paa kama paka?"

"Paka angeshuka mwenyewe, mama. Anang'oa misumari aliyoiharibu."

"Msimamishie ngazi. Ukikataa, mimi mlangoni kwako sikanyagi tena."

Nilimwona mama mdogo akiitazama ile ngazi. Mama mkwe ndiye aliyemlelea watoto wakati mumewe akiumwa, na hilo si deni dogo.

"Mama, nakuheshimu. Lakini heshima haizuii bati. Nisiposhona mimi mkweo, wajukuu wako watakula nini?"

Mama mkwe alijifunga mtandio akaondoka.

Haraka aling'oa huku akitukana koo zote mbili. Tukampandishia keekee kwa kamba. Matundu yenye grisi yalizibwa kwa lami, misumari isiyopakwa grisi ikapigwa kwenye mgongo mwingine wa bati, kandokando ikabananishwa zaidi, kwani upepo huanza kufunua pembeni. Mama mdogo aliingia chini ya paa, akaikunja kila ncha yeye mwenyewe. Ndipo akaisimamisha ngazi.

Upepo ulikuja kabla ya shule kufunguliwa. Bati lilinguruma, likatetemeka, likabaki. Yeye alikuwa akitia vifungo, wala hakuinua macho.

Kulipopambazuka alifunga sare, akajitwika furushi. Njia inapita mlangoni kwa mama mkwe, aliyekuwa akifagia.

"Shikamoo, mama."

Ufagio uliendelea. Mama mdogo alisubiri kidogo, akasonya, akaenda kwa wateja wake.