Nyumba ya Kiingereza ya Maige

Mwaka 1996 Maige, broka wa dhahabu, aliichoka nyumba yake ya bati pale Nyasubi, Kahama. Alikuwa na pesa, lakini machoni pa wakwe zake alibaki mchunga ng'ombe aliyebahatika. Akaapa kuwafunga midomo. Dukani kwa Lalji akaona kalenda yenye picha ya nyumba ya Kiingereza: kuta nyeupe, mbao nyeusi zimekatiza kutani, dohani mbili.

"Nijengee hii," akamwambia fundi Bartholomeo. "Usiongeze, usipunguze."

Bartholomeo aliitazama sana ile picha. "Bosi, mbona hii imelalia kushoto?"

"Na yangu ilalie kushoto. Wazungu hawainamishi kitu bure."

Basi fundi, aliyehangaika maisha yake yote kuta zinyooke, akatia mfukoni timazi yake ya kupimia wima. Paa likapigwa bonde katikati kama mgongo wa punda mzee. Dohani zikasimama bila meko chini yake, maana kalenda haikuonyesha ndani. Watu walikuja hata kutoka Nyahanga kushangaa.

Siku ya kuhamia, mkewe Noela alisimama mlangoni na watoto, akauangalia ukuta ulivyowainamia.

"Baba Limi, wanangu hawalali humu mpaka ukuta unyooshwe."

Akarudi nao kwenye nyumba ya bati, Maige akabaki peke yake. Maige alimpenda mkewe, na ukimya wa vyumba vile ulimtesa. Alikuwa karibu kabisa kumwita fundi, ndipo akapita mzungu mmoja mtafiti wa madini. Mzungu aliitambua nyumba, akacheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akauachia upesi. Kwa Kiswahili chake cha kuungaunga akaeleza kwamba ile ya kwenye kalenda, huko kwao, ina miaka mia nne, imeinama kwa uzee, na serikali inailinda. Mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha hata dirisha.

Kuhusu uzee Maige hakusikia kitu. Alisikia serikali. Jioni ile ile akatundika kibao getini: NYUMBA HII INALINDWA. NI MARUFUKU KUINYOOSHA.

Noela hakuacha kumletea ugali. Walikula pamoja nje ya geti, wamekalia matofali yaliyobaki.

"Twende nyumbani, mume wangu. Watoto wanakuulizia."

 Maige alitamani kumfuata, tena alitamani sana. Lakini akiondoka, si watu watakuja kuinyoosha? Akanawa mikono, akaingia ndani kulinda.