Mtani wa Baba Koti

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: mimi katuni sizipendi. Mtu mzima na akili zake kukaa kuangalia michoro inapigana, hilo kwangu ni kukosa kazi. Lakini cherehani yangu iko barazani, na baraza langu limepakana na kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, cha Ludovika hapa Matogoro. Ukuta wenyewe ni bati. Kwa hiyo sizoni nzima ya Baba Koti nimeisikia bila kulipa na bila kuomba. Na kwa kuwa wapo wanaouliza huyo mama ni mtu wa namna gani hata akawavuta watu na wajukuu wao kuja kuangalia katuni, acha nieleze mimi ninayemjua.

Ludovika ni Mmatengo wa Mbinga. Aliolewa hapa na Gaspari, Mngoni mwenye tumbo kubwa na koo kubwa zaidi. Kibanda kilikuwa cha Gaspari. Alikuwa anaweka filamu ya Kizungu au ya Kichina, anaipunguza sauti, anashika kipaza sauti na kutafsiri papo hapo huku picha inakwenda. Kichina hakujua hata neno la kuombea maji. Haikumsumbua. Jambazi akinyanyua glasi, Gaspari anasema ni ulanzi wa Madaba na umechacha. Mfalme akikasirika, anakasirika kwa sababu mahindi yameliwa na nguruwe pori. Watu walikuwa wanatoka mle wanafuta machozi ya kicheko, na Ludovika yuko mlangoni na karai lake la mihogo ya kukaanga, anacheka na yeye ingawa kayasikia yote toka asubuhi, kwani Gaspari alikuwa anajizoeza kwa kumtafsiria mkewe anavyopika.

Rafiki mkubwa wa Gaspari, kama rafiki ndilo jina lake, alikuwa Xaveri, Mbena wa Madaba, fundi baiskeli wa hapo njia panda. Wangoni na Wabena ni watani tangu vita vya mababu, na wawili hawa waliufanya utani kuwa kazi ya kudumu. Xaveri anafika asubuhi anamtukana Gaspari, Gaspari anamrudishia, wanakunywa chai. Akichelewa, Gaspari anafunga kibanda na kumfuata kwenye baiskeli zake ili akatukanwe huko huko.

"Babu zako walikimbia wakaacha ugali jikoni," Gaspari anasema.

"Hawakukimbia. Walikwenda kutafuta mboga. Nyie mkaula mkavu, ndiyo maana mna matumbo."

Gaspari akafa mwaka juzi. Presha, mchana kweupe, akiwa anagongelea bati lililolegea.

Sasa msibani mtani ana kazi yake, na kwetu maziko yasiyo na watani watu wanasema marehemu hakuwa na watu. Xaveri alivaa koti la Gaspari, akavaa kofia ya Gaspari, akaruka ndani ya kaburi kabla jeneza halijashushwa, akalala chali na kusema hatoki, chumba kimeshapata mpangaji. Hilo tulilitegemea. Tusilolitegemea ni kwamba alianza kutafsiri mazishi, na alitafsiri kwa sauti ya Gaspari. Ile ile ya kukwaruza, na kikohozi chake katikati ya sentensi.

"Ndugu watazamaji, padri sasa anatafuta ukurasa. Haupati. Miwani imebaki parokiani. Kule nyuma mnamwona shangazi wa Namtumbo, analia kwa jicho moja, la pili linalinda sufuria ya nyama."

Padri mwenyewe alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilicheka na kulia pamoja, ndivyo tunavyozika hapa na sioni ubaya wake.

Ludovika hakucheka. Si kwamba alikuwa mgeni wa desturi, Wamatengo nao wana watani wao. Ni ile sauti. Baadaye aliniambia kwamba kwa muda mfupi moyo wake uliamini Gaspari amerudi, halafu ikabidi afiwe upya palepale, mbele za watu. Alisimama ukingoni mwa kaburi na kupiga kelele:

"Toka humo! Toka, na kwangu usikanyage tena!"

Mtani hafukuzwi msibani. Ni aibu ambayo watu hawaijadili hata vilabuni. Wazee waliinamisha vichwa. Xaveri alipanda akatoka, akavua koti, akalikung'uta udongo, akalikunja vizuri na kumkabidhi mjane. Akaenda zake. Na mtu yule ni mkaidi kwa kila jambo, lakini hilo alilitii.

Ludovika alikishika kibanda mwenyewe kwa sababu tumbo halina matanga. Mwanzo alituhuzunisha. Alijaribu kutafsiri kama mumewe, akakwaruza koo mpaka akaugua, na wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja kwa heshima. Kisha mtu mmoja akamletea flashi yenye sizoni ya katuni, akaiweka bila kutegemea kitu.

Hiyo ndiyo sizoni ya Baba Koti. Jina alimpa yeye, la Kizungu lilimshinda. Ni jamaa wa koti refu na kofia iliyomfunika macho, kitambaa usoni, na uwezo wake ni mmoja: anaingia kwenye kivuli cha huku na kutokea kwenye kivuli cha kule. Majambazi wanamtafuta nyuma ya pipa, yeye yuko nyuma yao. Mji wake hauna mchana. Mvua haikatiki, taa za barabarani zinawaka moja moja, kila mtu anavuta sigara na hakuna anayemwamini mwenzake. Na picha zote ni nyeusi na kijivu. Siku ya kwanza wateja walikuja juu. Wakasema rangi imekufa, warudishiwe hela zao.

"TV nzima!" Ludovika aliwapigia kelele kwenye kipaza sauti. "Mji wao ndio umechoka!"

Walicheka, na nadhani hapo ndipo alipogundua kwamba na yeye ana sauti.

Katika mji huo kuna inspekta wa polisi, mtu mnene mwenye masharubu. Kila akikutana na Baba Koti, wanatupiana maneno makali juu ya paa, mvua inawanyeshea, halafu inspekta hamkamati na Baba Koti hampigi. Kizungu cha Ludovika ni cha kidato cha nne cha zamani. Alisikia matusi, akaona hakuna ngumi, akakata shauri: hawa ni watani. Wangekuwa nani tena? Kwa Kizungu, nasikia, wale watu walikuwa wanachukiana kweli kweli, na hilo ndilo lilikuwa fundo la hadithi nzima. Huku kwetu inspekta akawa Mbena wa Madaba na Baba Koti akawa Mngoni wa Matogoro, na ugomvi wao wa juu ya maghorofa ukawa kitu cha kusubiriwa wiki nzima. Kibanda kikajaa tena. Watu wa Matogoro wakawa wanasalimiana kwa matusi ya inspekta.

Wakati huo Xaveri akaanza kuwa na shida na suruali. Alileta moja nimpunguzie pindo, akakaa kwenye benchi langu kusubiri, na ilikuwa saa kumi jioni, saa ya Baba Koti. Nikamaliza pindo. Hakuondoka. Kesho yake akaleta ile ile, niliteremshe. Anakaa ameegemea bati, anasikiliza, na inspekta akitukana vizuri anatikisa kichwa kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Uwanja wa Ludovika unaanzia pale baraza langu linapoishia. Hakuuvuka hata kwa unyayo. Na Ludovika alimwona, kwani ana macho, akawa anapita akiangalia upande wa mlima.

Jioni moja Ludovika alikuja kuchambua maharage kwangu. Tulichambua nusu ya ungo, kisha akasema:

"Devota, sauti ya Gaspari inanipotea."

Nikamwambia ni kawaida, ni muda.

"Sura ninayo, picha zipo. Sauti nikiitafuta naikuta ya kwangu. Jana nimekaa nimejaribu kumsikia akiniita tu jina. Sikumsikia."

Nilimuuliza kama hakuna aliyemrekodi. Hakuna. Simu zilikuwepo tele, lakini nani anarekodi mtu anayemsikia kila siku mpaka anamwomba anyamaze? Hapo mdomo wangu ukanitangulia, kama kawaida yake:

"Sauti ipo. Iko kwa Xaveri."

Alinitazama kana kwamba nimempiga.

"Nilimfukuza kaburini mbele ya padri. Leo nimwendee nimwambie nini? Baba, naomba uniigizie mume?"

Akakusanya maharage yake, yaliyochambuliwa na yasiyochambuliwa, akaenda kwake. Nilimwonea uchungu na nilimkasirikia. Kitu anachokililia kilikuwa kinakaa kwenye benchi langu kila jioni kikinipotezea nafasi, na wote wawili walikuwa wanamtazama Mungu afanye kazi yao.

Basi ikafika Jumapili ya sehemu ya mwisho. Ilikuwa Juni, baridi ya Songea mnaijua, watu walitoka misa na mablanketi yao moja kwa moja hadi kibandani. Ghorofa lilimwangukia Baba Koti. Watoto wakapiga kelele kwamba steringi wa picha hafi, subirini, atatokea kwenye kivuli. Hakutokea. Likaletwa jeneza, mvua ile ile juu yake. Nikasimamisha cherehani na kuchungulia kwenye tundu la msumari, ndiyo, mimi, na sitaki maswali.

Waombolezaji waliondoka, akabaki inspekta peke yake. Hakukuwa na muziki wala maneno. Kofia ya Baba Koti ilikuwa juu ya jeneza. Inspekta akaichukua, akaikung'uta maji, akaivaa.

Spika ikanyamaza. Nilimwona Ludovika mgongo tu, kipaza sauti kiko mdomoni.

"Mama, tafsiri!" mtu akasema.

"Mtani kavaa kofia!" mwingine akadakia. "Anasemaje huyo Mbena?"

Yeye ndiye aliyewaambia kwamba wale ni watani. Sasa mtani yuko kaburini na kofia ya marehemu kichwani, na hakuna mtu katika kibanda kile asiyejua kazi yake ni nini.

"Ndugu watazamaji," Ludovika alianza, kwa sauti ya kukwaruza, akijaribu ile ya Gaspari. Ikakatika. Akajaribu tena, haikuja.

Akasimamisha picha. Akatoka nje, watu wakageuza shingo zote kumfuata. Akaja mpaka ukingo wa baraza langu. Xaveri alikuwa ameshasimama.

"Mbena."

"Naam, shemeji."

"Mtani wake yuko kaburini, hana la kusema."

"Nimesikia."

"Mimi sauti hiyo sina. Nimeitafuta, sina."

Xaveri aliangalia chini, pale uwanja unapoanzia. "Uliniambia nisikanyage."

"Nilikukosea," Ludovika alisema, na alipaza, hakunong'ona. "Nilikukosea mbele za watu, na leo watu wapo, wasikie. Ingia, mtani."

Akavuka. Mlangoni alisimama akawatazama wote, akasema, "Nyie Wangoni hata kufa hamjui, mpaka Mbena aje awaelekeze," na kibanda kikalipuka. Ludovika hakurudi kwenye kiti chake. Alijibana kwenye benchi katikati ya wateja, mama mmoja akamgawia upande wa blanketi.

Xaveri akashika kipaza sauti. Picha ikaanza kwenda. Akakohoa kwanza, kikohozi cha Gaspari, na mimi nikashika bati kwa mikono miwili.

"Ndugu watazamaji, huyu aliyelala ndani ya sanduku ni Mngoni. Mzito, kamba zitalia. Alisema hataniacha nipumue. Muongo. Babu zake waliwakimbiza babu zangu mpaka wakaacha ugali jikoni, na leo yeye ndiye kakimbia. Peke yake. Hakuna aliyemfukuza. Kaniachia uwanja wote. Haya, mtani, nimeshinda. Huu uwanja sasa niufanyie nini? Nimtukane nani asubuhi?"

Walicheka mpaka pale kwenye ugali. Baada ya hapo hawakucheka. Inspekta alishusha ukingo wa kofia, akaondoka akitembea kwenye mvua, na yakaanza kupanda majina ya waliotengeneza. Kwa kawaida majina yakipanda watu huwa wameshafika mlangoni. Hakuna aliyenyanyuka.

Ludovika alikuwa analia na alikuwa anacheka, vyote viwili, bila kujificha.

"Sema tena," alisema.

Xaveri akashusha kipaza sauti, akamjibu kwa sauti yake mwenyewe. "Imekwisha, shemeji."

"Najua imekwisha. Irudishe nyuma, mtani. Sema tena."