Miche Tisa kwa Wanawake Ishirini

Nakumbuka siku moja ya ukungu kule Nyabibuye, mwanangu, ukungu ule unaolala mabondeni mpaka jua lichoke kuungoja. Wanawake ishirini walikaa kwenye majani mabichi, majembe yao kando, na katikati yao, juu ya kanga, ilikuwapo miche tisa ya sabuni ya buluu. Nimetangatanga miji mingi tangu hapo, lakini kila nikipita duka linalouza sabuni ya mche, harufu ile hunirudisha kwenye majani yale, na miguu yangu hulowa umande usiokuwepo.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya sekondari Kasulu. Wanawake hao walilimiana kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Siku hiyo walikuwa wamemaliza kulima shamba la mfanyabiashara mmoja wa Kibondo, Mzee Salumu. Ujira wao wa mbegu za maharage walikwisha kuupata. Sabuni ilikuwa asante tu, miche iliyobaki kwenye katoni dukani kwake, akawapa kwa moyo mweupe. Hakujua kwamba ametupa mfupa mmoja katikati ya kundi.

Shamba lililobaki kwenye zamu lilikuwa moja, la mama yangu. Mama alikuwa mjane, na alikuwa amevuka kutoka ng'ambo ya mto Malagarasi akiwa msichana, amebebwa na vita asivyovijua. Wengi walimpenda. Wachache walikuwa bado wanamhesabu kuwa mgeni, ingawa mimi nilizaliwa papo hapo. Mvua ilikuwa imeanza. Kundi likivunjika siku ile kwa ajili ya sabuni, shamba la mama lingebaki majani, na msimu wa maharage haumsubiri mjane.

"Kila mmoja nusu," alisema Mama Tereza, mwanamke mwenye mikono ya nguvu na ulimi wa nguvu zaidi.

"Nusu ishirini ni miche kumi," mwingine akamjibu. "Wa kumi utauzaa wewe?"

Wakacheka. Kisha hawakucheka tena, maana kila mmoja aliona kwamba yuko wa kupunjika.

Hapo nikasimama mimi. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa ametusimulia habari za Wamisri wa kale, ambao karibu kila sehemu waliiandika kwa vipande vya moja moja: nusu, theluthi, robo, moja ya tano, na kuendelea, bila kurudia kipande. Akatufundisha na njia ya kuvipata, aliyoiita njia ya mlafi. Chukua kipande kikubwa kuliko vyote kinachoenea. Salio lake lifanyie vivyo hivyo, na salio la salio, mpaka pasibaki kitu. Njia hiyo haikwami, alisema, daima ina mwisho. Niliipenda, mwanangu. Ujana wote hupenda kanuni inayoruhusu kuanza na kikubwa.

"Nitagawa mimi," nikasema, nikavuta uzi wa katani ili nikate.

"Tulia, Damasi." Huyo alikuwa Bibi Mariselina, mkubwa wa kundi, aliyezoea kusema kwa sauti ndogo ili watu wanyamaze wamsikie. "Bua liko shambani. Sabuni ikikatwa haishonwi."

Basi nikakata mabua tisa ya mahindi, urefu wa mche, nikayapanga chini. Miche tisa kwa watu ishirini. Nusu haienei, theluthi inaenea. Nikakata theluthi, kila mwanamke akawekewa yake. Yakabaki mabua mawili na theluthi moja. Nikatafuta tena kikubwa kinachoenea: moja ya tisa. Nikakata, nikagawa, na kila mtu akawa na vipande viwili vilivyolingana na vya jirani yake. Nilikuwa natabasamu. Kisha nikatazama mkononi, nikakiona kimebaki kijipande kimoja, kifupi kuliko kidole gumba.

"Na hicho?" akauliza Mama Tereza.

"Kitakatwa mara ishirini."

"Mara ishirini! Nikaogee ukucha? Hiyo si sabuni tena, ni harufu!" Kicheko kilizunguka, lakini cha safari hii kilikuwa na miiba. "Au ni cha mama wa mhesabu? Mnaona, hata hesabu zina ndugu zao."

Mama aliinamisha kichwa. Wanawake wawili waliokota majembe yao, mmoja akasema, "Kesho mlime bila mimi." Ukungu ulikuwa unapanda mlimani polepole, nami nikaona kama shamba letu linaondoka nao.

"Kaeni," alisema Bibi Mariselina. "Amekata mabua tu." Kisha akanigeukia. "Mjukuu wangu, nani kakutuma uanze na kikubwa?"

"Ndivyo inavyofanywa, Bibi. Ukianza na kikubwa lazima ufike mwisho."

"Tumefika. Umepaona huko mwisho palivyo?"

Nikakifumba kile kijipande kiganjani.

"Sisemi alichokufundisha mwalimu ni uongo. Nasema umeshiba mwanzoni, na wa nyuma umewaachia makombo. Punguza mkono wa kwanza, tuone wa pili utapata nini."

Nikakata mabua mengine tisa, safari hii kwa moyo mzito. Badala ya theluthi nikakata robo. Mabua matano yakatoa vipande ishirini kamili. Yakabaki manne mazima, yamelala kwenye umande kama yanayosubiri kuulizwa. Manne kwa watu ishirini! Nikayakata kila moja mara tano. Robo moja na moja ya tano kwa kila mwanamke. Pale chini hapakubaki hata kibanzi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Tereza aliinuka tu, akashika ncha ya pili ya uzi, tukaikata sabuni pamoja, yeye akivuta huku na mimi kule.

Kulipokucha, wa kwanza kufika shambani kwetu alikuwa yeye. "Nimekuja kuangalia kama mhesabu anajua na jembe," alisema, akatema mate viganjani. Nyuma yake, katika ukungu, nikawaona wengine wakishuka mmoja mmoja, majembe mabegani. Maharage ya mama yaliwahi mvua.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu. Alicheka, akaandika ubaoni robo na moja ya tano, akaviacha siku nzima bila kuvifuta.

Mwanangu, njia ya mlafi haidanganyi: itakufikisha. Ila kufika si kazi yote. Kabla hujanyakua kikubwa kinachoenea, iwe ni shamba, cheo au maneno katika kikao, tazama kitakachobaki na ni nani atakayekiokota. Mara nyingine ukipunguza kidogo tu mkono wa kwanza, wote hupata vipande vya kushikika. Na haki igawe pale ambapo kila jicho linaiona, kwa maana iliyo sawa kwenye hesabu tu haimtulizi aliyelima tangu alfajiri. Ukiwa na shaka, anza na mabua.

Mungu akupe fungu usiloona haya kulilaza kando ya la jirani yako. Na siku zamu yako itakapokuwa ya mwisho, awashushe watu mlimani, katika ukungu, wakija kwako.