Vishimo vya Usukani wa Custodia

Leovigilda Siachoque alikuwa fundi baiskeli, na mjini kwetu hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa hiyo ni kazi ya wanaume, labda awe ameyachoka meno yake. Lakini asubuhi ile, umande ukiwa bado mweupe mashambani, alikuwa amekaa mbele ya baiskeli ya mama yake huku kijasho kikimtoka.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Bikira wa Karmeli, msimamizi wa madereva, padri anapobariki malori, mabasi, hata toroli. Mama yake, mzee Custodia, alikuwa ameapa kwamba ataenda iwapo tu baiskeli yake itatangulia, ikiendeshwa na mwanawe, si kukokotwa. Isipoenda, naye haendi. Na kwa jinsi alivyodhoofika, sote tuliona hiyo ndiyo sikukuu yake ya mwisho.

Tatizo lilikuwa usukani. Ukikaribia kunyooka, unanasa. Kuugeuza mpaka uulazimishe. Na barabara ya kushukia mjini ina kona juu ya korongo, nalo korongo halina mzaha na mtu.

Próspero, jirani muuza vipuri, akachungulia mlangoni.

"Bado unabembeleza vyuma chakavu, Leo? Si ununue kichwa kipya cha usukani?"

"Uzi wa nati kwenye foki hii ni wa Kifaransa. Unayo nati yake dukani, au una maneno tu?"

"Basi lete nikuchongee uzi mpya juu ya huo wa zamani."

"Na mama akisikia umeichonga foki yake, nani atakuokoa?"

Próspero alicheka, akaenda zake. Custodia alimjua Próspero tangu akiwa mtoto wa kamasi.

Leo akafungua nati, akachomoa foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, akafuta grisi iliyokuwa imegeuka lami. Alipopitisha kidole ndani ya bakuli la chini, mahali gololi zinapokaa, akavigusa vishimo, duara zima, kila gololi na chake. Mawe ya barabara yalikuwa yamezigongesha gololi palepale mpaka chuma kikakubali. Fundi gani hajaviona? Ila aliporudisha foki kujaribu, aligundua kwamba usukani ulinasa ukiwa umevutwa kulia kidogo. Hilo hakuwahi kuliona.

Akaingia jikoni. Custodia alikuwa karibu na jiko, anakunywa maji ya moto ya sukari guru.

"Mama, baiskeli yako ilikuwa inakwenda upande?"

"Upande wa wapi? Ilikuwa inakwenda mjini, na madebe ya maziwa nyuma."

"Usukani wake umezoea kuvutwa kulia."

Mzee akafikiri kidogo. "Nilikuwa naendesha kwa mkono mmoja, mwanangu."

"Na wa kushoto?"

"Ulikukamata wewe mgongoni. Ulikuwa mnene, na njia yote mawe. Ulidhani shali peke yake ingekuzuia?"

 Leo alirudi, akaichomoa tena foki, akavigusa vile vishimo, taratibu, kimoja kimoja. Miaka yote alikuwa akisimuliwa habari za maziwa. Habari za mkono ule hakuwahi kusimuliwa na mtu. Chuma ndicho kilichozitunza. Aliogopa kukigusa, na hakuweza kuacha.

Vishimo hakuvisugua. Aliitupa pete ya bati ya zamani iliyokuwa imezishika gololi kila moja mbele ya shimo lake, akazipanga gololi huru kwenye grisi mpya, akaongeza moja, ziwe nyingi kuliko vishimo. Sasa zisingeweza kutumbukia zote kwa pamoja. Akakaza nati kwa vidole: ikabana mno, akailegeza, ikagonga, akairudisha kidogo sana, kisha akaifunga kwa spana. Aliponyanyua gurudumu la mbele, usukani ukageuka wenyewe, kimya, kama mtoto anayejigeuza usingizini. Leo akajikuta amevua kofia.

Siku ya sikukuu aliteremka akiwa mbele ya lori la Próspero, ambamo mama yake alikaa amefunikwa blanketi. Kwenye kona ya korongo Leo alikamata usukani kwa nguvu zote, akabana breki, akapunguza mwendo mpaka lori likakaribia kumgonga.

Dirisha likashushwa.

"Leo!" Custodia akapaza sauti. "Mikono yote miwili, mgongoni huna mtu, na bado unaogopa?"