Ahirisho la Ustadhi Shauki na Njiwa wa Hajjat Nagia

Katika mahakama ya Mansura mawakili wengi wana majina ya utani, lakini la Ustadhi Shauki lilimkaa kuliko hata joho lake. Walimwita Bwana Ahirisho. Hata mpiga mbiu wa mahakama, yule anayeita kesi mlangoni, alipomwona tu anaingia, alitabasamu mwenyewe na kufungua kalenda.

Mimi Dawlat ni karani wake tangu enzi nilipokuwa na kiuno. Nampenda mzee yule, na nalisema mapema msije mkadhani namsengenya. Ni mtu mwema, hali maharage ya asubuhi bila kunibakishia, na hati zake za madai husomeka vizuri mpaka unasahau ni ugomvi wa bomba la maji machafu. Kasoro yake ni moja. Akisimama mbele ya jaji, mkono unakwenda kwenye tai, tai inanyooshwa, na mdomo unatoa maneno yale yale: "Mheshimiwa, tunaomba ahirisho tupate kusoma nyaraka." Awe upande wa mdai au wa mdaiwa, nyaraka ziwepo au zisiwepo.

Aliyeumia zaidi na tai ile ni Hajjat Nagia. Mama huyu ni mjane, na njiwa wake ndio furaha yake. Alikuwa nao juu ya paa, kwenye mnara wa mbao aliojengewa na marehemu mumewe, mpaka jirani yake Fathallah alipoweka lango la chuma kwenye ngazi ya kupandia paani, akatia kufuli na kusema paa ni lake. Hajjat akafungua kesi. Njiwa walioteremshwa paani akawaweka bafuni akisubiri hukumu. Kesi ikaingia mwaka wa tano, na njiwa wakazaa vifaranga, vifaranga wakazaa wenzao, wote humo humo bafuni.

Kila baada ya kikao alikuja ofisini, manyoya yamemganda kwenye mtandio.

"Enhe, Ustadhi, leo vipi?"

"Wameahirisha, Hajjat. Unajua tena watu wa upande ule."

"Mungu amlaani Fathallah na wakili wake!"

Hapo mimi huinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haijaanguka. Akishaondoka, namgeukia mzee. "Ustadhi, upande ule ni upi? Mbona aliyeomba ni wewe?" Naye hujibu, "Dawlat, hebu tazama chai." Nilitazama chai mpaka nikachoka.

Basi mwaka huo chama cha mawakili kikatangaza mafunzo endelevu ya uendeshaji wa kesi za madai, kwa mawakili pamoja na makarani wao. Ustadhi Shauki aliposikia kwamba atakaa darasani alinuna. "Nina mvi, Dawlat. Nikafundishwe nini, alfabeti?" Nikamwambia mimi naenda, na kama yeye haji, nitarudi najua zaidi yake, na maharage tutagawana upya. Akaja.

Mwalimu alikuwa jaji mstaafu, Mustashari Labib, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha ukumbi mzima. Siku ya kwanza alitugeukia sisi makarani. "Mteja akikuuliza kesi yake imefikia wapi, unamjibuje?" Tukaitika kama waliokariri pamoja, "Heri, inshallah, kikao kijacho!" Ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka, kisha akatukalisha asubuhi nzima tukijifunza kumweleza mteja ukweli kwa lugha anayoielewa. Nakiri nilijifunza. Nilijifunza pia kupanga jalada ili anayelifungua aone kwanza kesi imefikia wapi, badala ya kukutana na risiti za teksi. Ustadhi Shauki yeye alikaa nyuma akichora njiwa pembeni mwa karatasi. Niliwaona. Njiwa wenyewe walikuwa wanene.

Siku ya mwisho ilipangwa kesi ya kuigiza, na baadaye kila mtu aweke mezani chochote alichokuja nacho tule pamoja. Mimi nilikuwa nimemtajia Hajjat Nagia habari hiyo, naye akaapa ataleta njiwa wa kujazwa ngano. "Nyumbani wamezidi," akasema, "afadhali wengine wawe shukrani kwa wakili wangu."

Kura ilipopigwa, Ustadhi Shauki akapewa uwakili wa mdai. Kesi yenyewe ilikuwa ya mtu aliyezibiwa dirisha na ukuta wa jirani. Mustashari alikaa kitini kama jaji. Ushahidi ukaisha, wa upande wa pili akasema hana la kuongeza. Mustashari akamwelekea mzee wetu.

"Wakili wa mdai, niweke shauri kwa hukumu?"

Nikaona mkono unapanda kwenye tai. Nikasema moyoni, ole wangu.

"Mheshimiwa, tunaomba ahirisho tupate kusoma nyaraka."

"Nyaraka zipi?" Mustashari aliinuka nusu. "Wewe ndiye mdai! Nyaraka zote umeleta wewe! Aliyezibiwa dirisha ni mteja wako, na wewe unaomba akae gizani?"

Watu walicheka mpaka wakapigana vikumbo. Hata Ustadhi alianza kucheka. Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Kumbe ni wewe!"

Hajjat Nagia alikuwa amesimama na sinia lake mikononi, mvuke wa njiwa unampanda usoni. Sijui alikuwepo tangu lini. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" akasema. "Miaka yote hii namlaani Fathallah kila alfajiri, kumbe dua zangu zinapotea njia! Ni wewe, Shauki? Kila mara ni wewe?"

Kicheko kikakatika. Ustadhi akashusha mkono kutoka kwenye tai, akatembea hadi mlangoni, akampokea sinia. Nilidhani atasema "mara nyingine ni wao," jambo ambalo ni kweli kiasi. Hakusema.

"Ni mimi, Hajjat."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Naogopa." Alisema mbele ya wote, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kesi ikiahirishwa, hakuna aliyeshindwa. Naogopa siku ya kukuita ofisini nikwambie umeshindwa, paa limekwenda. Basi nasogeza mbele."

Hajjat akamtazama sana. "Nilishashindwa zamani, mwanangu. Natawadha huku njiwa wananitazama. Nikioga wananifuata, nikipika wananifuata. Wewe unanikinga na nini?"

Machozi yalinitoka, siwafichi. Mustashari Labib ndiye aliyekuja akachukua njiwa mmoja, akamng'ata paja na kufumba macho. "Utamu huu ungetosha kumhonga jaji," akasema. "Bahati nzuri nimestaafu. Hajjat, kikao chako lini?"

"Jumatatu."

"Basi Jumatatu nenda ukakae nyuma ya wakili wako."

Jumatatu tulifika mapema, mimi upande mmoja wa Hajjat na vitunguu vyake vya sokoni upande wa pili. Ukumbini, wakili wa Fathallah, Ustadhi Murqus, rafiki wa Shauki tangu chuoni, alimshika bega kama kawaida yao.

"Vipi, Shauki, leo kuomba ni zamu yako au yangu?"

"Leo hakuna zamu, Murqus."

"Unaumwa?"

Kesi ikaitwa. Murqus akaomba muda. Jaji, bila hata kuinua kichwa, akashika kalenda. "Na wakili wa mdai bila shaka anaunga mkono."

Ustadhi Shauki akasimama. Mkono ukaanza safari yake kwenye tai. Hajjat akakohoa, kikohozi cha kumwondoa paka jikoni. Mkono ukaishia kifuani.

"Hapana, mheshimiwa. Hatuna la kuongeza. Tunaomba shauri liwekwe kwa hukumu."

Jaji akavua miwani. Mpiga mbiu akaingiza kichwa kutoka mlangoni kuhakikisha ni nani anayesema. Murqus akaketi kama aliyenyang'anywa kiti na kurudishiwa. Jaji akaandika, akataja tarehe ya hukumu, na Ustadhi akatoka nje akaegemea ukuta, jasho linamtiririka. "Dawlat," akaniambia, "nikishindwa, utamwambia wewe." Nikamwambia hapana, utamwambia mwenyewe, tumefundishwa namna.

Siku ya hukumu hakula maharage. Alikwenda peke yake, akarudi, akasimama mlangoni mwa ofisi ambapo Hajjat alikuwa akimsubiri. Akatikisa kichwa juu chini, juu chini. Hajjat akapiga kigelegele, na duka la nyama la chini likatuma mtu kuuliza nani anaolewa.

Fathallah alitishia rufaa, mpaka mkewe aliposema yeye harufu ya njiwa ngazini imemtosha, bora warudi juu. Lango likang'olewa. Sote tulipanda paani, Ustadhi amebeba vikapu viwili na manyoya yamemjaa kwenye koti. Hajjat akafungua mifuniko. Njiwa wakatoka, wakajipanga ukingoni, wakaangalia mbingu, wakaketi. Hakuna aliyeruka. Wengi wao walikuwa wamezaliwa bafuni, mbingu hawakuwahi kuiona.

Ustadhi Shauki akawatazama kwa huruma. Nikaona mkono unapanda taratibu kwenye tai.

"Masikini," akasema. "Tuwape muda kidogo."

"Thubutu!" akasema Hajjat Nagia. Akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi uliotikisa mtaa mzima, na njiwa wote wakaruka kwa pamoja.