Mkono Uliobaki

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa mahindi, mwanangu, niliyoamka nikiwa na mikono miwili, na jioni yake nikawa na mmoja. Nilikuwa msichana bado. Nilikuwa nimemaliza shule na kupata kibarua kwenye shamba moja nje ya Kitale ili nisaidie nyumbani kwetu Ndalu. Kazi yetu ilikuwa kulisha mashine ya kupukuchua mahindi, ile inayozungushwa na trekta. Mkanda wake haukuwa na kifuniko. Sote tulijua hivyo, na sote tulikuwa tumezoea. Sweta yangu ikanaswa, na kabla dereva hajazima injini mkono wa kulia ulikuwa umeshakwenda. Sitakueleza zaidi ya hapo. Wewe mwenyewe umetoka kupata yako juzi, huna haja ya kusikia ya mwingine kwa undani.

Mama yako alinipigia simu kutoka hospitalini Bungoma. Aliniambia kwamba tangu wakukate mguu baada ya ile ajali ya pikipiki, umegeukia ukuta, huongei na mtu, na mchungaji akija unajifanya umelala. Sikulaumu, Wafula. Mimi kukhu yako, yaani nyanya yako, niliujua ukuta wa hospitali ya Kitale kuliko nilivyojua sura ya daktari. Magoti yakiniruhusu nitakuja kukuona. Kwa sasa nakurekodia haya kwenye simu ya binamu yako. Sikiliza ukitaka, hata kwa vipande.

Wageni walikuja wengi mwanzoni. Walileta ndizi na soda, wakaimba, wakaomba. Kulikuwa na mwinjilisti mmoja, mtu mwema tu, aliyesimama miguuni pangu akasema Mungu ameniondolea mkono ili anifundishe unyenyekevu, kwamba nilikuwa nikijivuna nilipoimba kwaya. Nilimtazama, na moyoni nikasema: kama huyo ndiye Mungu, basi na akae huko aliko. Nilikuwa nimegoma. Nilikuwa nimeimba, nimefunga, nimefagia kanisa, na sasa siwezi hata kusuka nywele zangu.

Siku hiyo mama mmoja mjane wa kanisa letu, Mama Selina, alikuwa amekaa kando akimenya chungwa. Alikuwa na desturi ya kuja wodini kuwaosha wagonjwa wasio na watu wao. Hakuwa msemaji sana. Alimngoja mwinjilisti amalize, kisha akamwambia kwa upole, huku bado anamenya:

"Mwalimu, usimwambie mtoto kwamba Mungu amechukua mkono wake. Mkono umechukuliwa na mashine isiyo na kifuniko. Mungu alikuwa hapo akilia pamoja naye."

Mwinjilisti aliomba kwa kifupi akaondoka. Mimi nilianza kulia, na tangu ajali sikuwa nimelia. Mama Selina aliniacha nilie mpaka nikachoka, akanipa chungwa. Nilidhani ataanza sasa kunifariji. Badala yake aliniuliza kitu ambacho kilinichoma wakati ule.

"Rasoa, umelia, na kesho ukitaka ulie tena. Lakini huo mkono uliobaki umeupa kazi gani?"

Akanielekeza kwa macho kitanda cha pembeni.

Kwenye kitanda hicho alilala mwanamke wa Cheptais aitwaye Chemutai. Nyumba yake ilikuwa imeshika moto kutokana na taa ya mafuta, na mikono yake yote ilikuwa imeungua mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa imefungwa bandeji kubwa kama mito. Chakula kilikuwa kinaletwa na kuwekwa kwenye kabati lake, kisha kinachukuliwa kikiwa vilevile, kwa sababu manesi walikuwa wachache na ndugu zake hawakuwa wamefika. Kulikuwa na machafuko kule mlimani kwao siku hizo, na magari hayakuwa yakiteremka kwa urahisi. Na nikuambie ukweli, watu wake na watu wetu walikuwa hawaaminiani. Mimi Mbukusu, yeye Msabaoti. Tulikuwa tumelala jirani bila kusalimiana.

Mama Selina hakunishurutisha. Alikwenda kuosha mgonjwa mwingine. Lakini uji ulipoletwa, nikauona unapoa pale kwenye kabati, nikashindwa kuendelea kutazama ukuta. Nikashuka kitandani, nikavuta kiti kwa mguu, nikakaa.

Mkono wa kushoto ulikuwa haujui kazi. Kijiko cha kwanza kilifika kinywani. Cha pili nilikimwaga chote kifuani pake, na nilipojaribu kupangusa nikagonga kikombe, uji ukamfika shingoni. Nikaganda nikingoja anifukuze. Akaniangalia, akasema kwa Kiswahili chake kile cha polepole:

"Sasa wewe unanilisha ama unanibatiza?"

Tulicheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Kuanzia hapo nikawa mlishaji wake. Nilijifunza kutumia mkono wa kushoto kinywani mwa Chemutai, na kila ninapoandika jina langu hata leo najua nani aliyevumilia mafunzo hayo.

Tulipozoeana alinieleza habari za moto. Alikuwa ameingia ndani kumtoa binti yake mkubwa, Chebet. Alimtoa, akamkabidhi kwa majirani, naye akaanguka. Alipopata fahamu alikuwa Kitale, na hakujua mtoto yuko wapi. Aliulizia kila aliyevaa koti jeupe. Aliponiomba nimwombee mtoto, nilitaka kukataa, maana nilikuwa bado na mgomo wangu. Lakini unamkatalia vipi mama ambaye hawezi hata kukunja mikono yake kusali? Nikaanza Baba Yetu. Nilipofika pale pa mapenzi yake kutimizwa, nikaishia hapo. Sikuweza kuyasema maneno hayo. Chemutai akaimalizia sala yeye mwenyewe, kwa lugha yake.

Baadaye mume wake alifika, ametembea sehemu kubwa ya njia. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, na Mama Selina alipomwona akaenda kwake kwanza. Waliongea kwa sauti ya chini. Kisha Mama Selina akaja kunieleza: Chebet alikuwa amevuta moshi mwingi, na alikuwa amefariki. Baba yake hakujua atamwambiaje mkewe, akaomba niwe karibu kwa sababu mkewe alikuwa akinitaja.

Mwanangu, mistari yote niliyojifunza kanisani ilinikimbia. Mume alipomwambia, Chemutai hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyepigwa tumboni, akataka kujishika kichwa na mikono ikakataa. Hakukuwa na mahali pa kumshika. Nikapanda kitandani pake, nikakaa nyuma yake, nikauweka mkono wangu mgongoni pake. Niliuweka hapo alasiri nzima. Sikumwambia Mungu ana mpango. Sikumwambia Chebet amekuwa malaika. Nilikuwa nahisi mgongo wake ukipanda na kushuka, na ndipo, sijui nikuelezeje, niliona sikuwa peke yangu pale kitandani na yeye. Yule niliyemgomea alikuwepo. Hakuwa amesimama miguuni pa kitanda akitufundisha jambo. Alikuwa upande wetu wa kitanda.

Kesho yake uji ulipokuja nilidhani hatakula. Aligeuka akanitazama.

"Nilishe," akasema. "Nyumbani kuna mwingine, bado ananyonya. Lazima nile."

Nikamlisha, na hatukucheka siku hiyo.

Alipona na vidole vyake vikabaki vimejikunja, akarudi Cheptais kumlea yule mdogo. Mimi nilirudi Ndalu. Kijana aliyekuwa akinichumbia aliacha kuja, na iliniuma kwa muda mrefu. Babu yako alinikuta hivi hivi nilivyo na hakuuliza habari za mkono mpaka tulipokuwa tumezoeana. Nimelima kwa mkono mmoja, nimelea watoto kwa mkono mmoja, na nimekuwa nikienda hospitalini kulisha wagonjwa wasio na wageni mpaka magoti yaliponizuia. Mkono uliokatwa unaniwasha mpaka leo kukiwa na baridi. Sijapata kujua kwa nini uliondoka, na nimeacha kuuliza.

Basi nisikilize, Wafula. Mtu akija kukwambia Mungu amekuondolea mguu ili akuonyeshe jambo fulani, mshukuru kwa kukutembelea, lakini usiyameze maneno hayo. Mateso si kitu kizuri. Bwana wetu mwenyewe alipofikiwa nayo aliomba yamwepuke, na alipokuwa msalabani alilia. Wewe pia lia, mgombeze Mungu ukitaka, atakusikia. Ila usikae ukingoja upewe maelezo kwanza ndipo uishi. Mimi maelezo sikupewa. Nilipewa mtu kwenye kitanda cha pili, mwenye njaa.

Mama yako ameniambia kitandani karibu nawe kuna mzee ambaye hapati mgeni na haoni vizuri. Msomee gazeti. Muulize alikuwa akifanya kazi gani. Usifanye hivyo ili upone haraka, wala ili watu wa kanisa wakusifu, maana wagonjwa wanajua wanapotumiwa. Fanya kwa sababu yupo, na wewe upo. Na akitaka kukufanyia jambo, hata dogo, mkubalie. Kuhudumiwa nako ni kazi, tena ngumu kwa kijana aliyezoea kuendesha pikipiki na kujitegemea. Maana ya haya yaliyokupata hutaikuta kwa kufikiri ukiangalia ukuta. Itakuja polepole, ukiwa unashughulikia ya mwenzako, na siku nyingine haitakuja kabisa, na siku hizo pia utaamka na kunawa uso.

Mungu aliyekaa nasi kwenye kile kitanda Kitale akae nawe hapo Bungoma. Auguze kidonda chako, na akupe usingizi usio na maumivu. Akupe mtu wa kukushika na mtu wa kumshika. Akutoe hapo ukiwa na moyo laini, na akufikishe uzeeni ukiwa na wajukuu wa kuwasimulia. Amina, mwanangu. Sasa geuka, umsalimu huyo mzee.