Alama Ndani ya Pindo

Kila alipovua viatu mlangoni, Dada aliinama akavigeuza, ncha zitazame nje, tayari kuvaliwa. Miaka kumi na mmoja ya kushona kiwandani huko Asia ilimfundisha hivyo, naye aliporudi nyumbani hakuacha.

"Huyu bado yuko safarini," Mama alisema siku ya kwanza. "Mtu aliyefika kwao hapangi viatu kama anayewahi basi."

Mdogo wa Dada, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, hakucheka. Alikuwa na chumba cha ushonaji chenye cherehani mbili, na ya pili alikuwa amempa dada yake. Tangu siku hiyo hakumwondolea jicho.

Mambo ya Dada yalitia shaka. Simu aliongea kwa kunong'ona, kiganja mdomoni. Salamu za wateja alizijibu kwa kuinamisha kichwa, basi. Mteja akisema atapita kesho saa tatu, saa tatu kasorobo gauni limeshakunjwa mezani, na kufikia saa sita Dada bado amekaa kando yake, uso umekauka.

"Alisema saa tatu."

"Kesho ya hapa haina saa, Dada. Umesahau kwenu?"

"Sijasahau. Nilidhani ninyi mtakuwa mmebadilika."

Fundi aliitafuna sentensi ile siku mbili. Sisi tubadilike tuwe nini?

Kisha zikaja sare za shule. Mwalimu mkuu aliagiza mashati themanini ya darasa moja, akaahidi kwamba yakimpendeza atampa Fundi shule nzima. Kwa Fundi, hiyo ilikuwa tofauti kati ya chumba cha kupanga na duka lake mwenyewe. Dada alishona hamsini, Fundi thelathini. Akiyapiga pasi, Fundi aliona kitu ndani ya pindo la chini: mishono mitatu midogo ya uzi wa buluu. Akachukua shati jingine. Mitatu tena. Katika yale ya kwake hakukuwa na kitu.

Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, na safari hii kimeshonewa kabisa.

"Hii nini?"

"Alama yangu," Dada alisema.

"Ya nini? Wateja wakutafute ukifungua kwako?"

Dada alilikunjua pindo. "Kule, shati likirudi na kasoro, anatafutwa aliyelishona. Nisipoweka alama utalaumiwa wewe. Chumba ni chako."

"Hapa si kule."

"Naona. Kule nilikuwa mgeni na kila mtu alijua. Hapa ni mgeni, na mnanikasirikia."

Maneno mazuri, lakini Fundi alishawahi kuuziwa kitambaa kibovu kwa maneno mazuri. Dada alipotoka kununua vifungo, alichukua wembe akazifumua alama zote, shati baada ya shati, mpaka la hamsini.

Wiki moja baadaye mwalimu mkuu alirudi na mashati manne mkononi.

"Fundi, kola hizi zinatazama pembeni kama mtoto aliyekosa jibu. Nani kazishona?"

Fundi aliyapindua. Alama haikuwepo, wala hakuihitaji. Yeye kola huianzia pembeni. Dada huianzia katikati ya mgongo, akaenda kushoto, kisha kulia. Hizi nne zilianzwa pembeni. Aliuona mkono wake mwenyewe, akaiona na shule nzima ikimponyoka.

"Ni Dada huyu, mwalimu. Bado anazoea kazi za hapa."

Dada aliinuka. Akayapokea mashati kwa mikono miwili, akainama. "Samahani, mwalimu. Yatarekebishwa."

Hakumgeukia mdogo wake hata kidogo, na hapo ndipo Fundi alipoingiwa na baridi. Kama Dada angepiga kelele, Fundi angejua la kufanya. Ugomvi wa ndugu walikuwa nao tangu utotoni, na njia zake wanazijua. Adabu ile hakujua pa kuishika. Amenisamehe? Au ameniwekea kinyongo? Siku tatu zilizofuata alikisikiliza kila kikohozi cha dada yake, asipate jibu, na asithubutu kuuliza.

Siku ya nne asubuhi Dada alitoka na begi. Kiwanda cha mashuka cha mji wa jirani kilikuwa kimemwajiri.

"Mmekosana nini?" Mama aliuliza.

"Hakuna," walijibu wote wawili kwa pamoja.

Fundi alimfuata hadi kwenye ngazi. "Dada, zile kola..."

"Nimezimaliza, ziko chini ya pasi." Dada alihamisha begi mkono wa pili. "Anzia katikati ya mgongo, mdogo wangu. Ukianzia pembeni, inavuta."